Viti Viwili vya Kwenda Perth

Kaka yangu alituma tiketi ya mama kwenye kikundi cha simu cha familia Jumapili moja baada ya ibada, na kufikia jioni watu ishirini na wawili walikuwa wameandika Amina. Mimi nilikuwa mmoja wao. Ninalisema hilo mapema kwa sababu nitawasema watu vibaya hapa, na sitaki ionekane kwamba mimi nilikuwa nimesimama pembeni.

Mama alikuwa anakwenda Perth, Australia, kwa mdogo wangu wa kike. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya tatu. Watoto wawili wa kwanza walizaliwa kabla ya wakati, wakafa, na mara zote mbili alikuwa huko ugenini na mumewe tu. Safari hii daktari alimlaza hospitalini mapema, naye akatuomba kitu kimoja: mama awepo mtoto akizaliwa. Mumewe alikuwa huku nyumbani, amekuja kumzika baba yake huko Nyamache, na alikuwa karibu kurudi. Basi kaka, ambaye anaishi Mombasa na amepanda ndege mara nyingi kuliko sisi wote, akapanga wasafiri pamoja: Nairobi hadi Doha mchana, kisha Doha hadi Perth, pwani hadi pwani, saa kumi na moja angani, usiku kucha.

Na tulivyopanga! Sisi hatuwezi kumpeleka mtu hospitali ya Nyamira bila kuunda kamati. Palikuwa na mwenyekiti, baba yetu mdogo, na palikuwa na katibu. Wiki nzima iliishia kwenye unga wa wimbi wa uji wa mzazi. Binamu mmoja alisema Waaustralia watautupa kwenye uwanja wa ndege, mwingine akasema ushonewe ndani ya koti, shangazi akataka tuwaandikie barua. Soksi za kubana miguu zilijadiliwa siku mbili. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hakuna aliyetazama namba za viti.

Jumatatu ya wiki ya safari mama alishuka Kisii mjini, akaja dukani kwangu ninakouza sare za shule, nimsomee tiketi mstari kwa mstari. Nikamsomea saa, mizigo, majina ya miji. Nikafika kwenye viti: thelathini na nne H, thelathini na nne J.

"Hicho kingine ni cha nani?"

"Cha mkweo. Mtakaa pamoja."

Akavua miwani, akaiweka juu ya kaunta.

"Mimi siendi," akasema.

Kwetu mama mkwe na mume wa bintiye hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja. Tunaiita chinsoni. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, watu wanapendana kwa mbali. Na sisi, kwa akili zetu zote, tulikuwa tumewapanga wawili hao walale bega kwa bega, kila mtu na blanketi lake, taa zimezimwa, saa kumi na moja! Nilijikasirikia mwenyewe kwanza, nikamaliza upesi, nikampigia kaka.

Akacheka. Alicheka kabisa.

"Dada, hizo ni vitu za zamani. Nilitafuta viti za pamoja ndio amsaidie na mkanda. Ni kiti tu, si kitanda."

"Umesahau wewe ni mtoto wa nani?"

"Na akifika huko atalala wapi? Si kwa nyumba ya huyo huyo?"

Nikamkatia simu. Mdogo wangu, akiwa amelala na sindano mkononi, alikuwa ameshampangia mama kitanda kwa mwanamke mmoja wa kwetu, nyumba ya pili kutoka kwake. Mgonjwa alikumbuka. Wazima ishirini na wawili hatukukumbuka. Mkataa kwao mtumwa, wahenga walisema, na huyu wetu wa Mombasa alikuwa anakataa kwao huku anacheka.

Nikampigia mwenyekiti. Baba mdogo akashusha pumzi ndefu. "Hilo ni jambo nzito, mwanangu. Haiwezi zungumzwa kwa simu. Tutakaa Jumamosi."

"Baba mdogo, ndege ni Alhamisi."

"Basi kikao kitakuwa kifupi."

Sijawahi kumtukana mtu mzima. Siku hiyo niliziba mdomo kwa kiganja hadi alipokata mwenyewe.

Jumanne asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye ofisi ya hapa mjini iliyotukatia tiketi. Aliyenihudumia ni dada wa watu kutoka Homa Bay. Sikumaliza hata kueleza.

"Na mama mkwe? Usiku mzima?" Akashika kichwa. "Hapana, mama. Hata kwetu hiyo haiwezekani."

Nilitaka kumkumbatia. Mgeni kutoka kando ya ziwa alielewa kabla ya ndugu zangu wa damu. Akabonyeza kompyuta, akabonyeza tena. Ndege ya Alhamisi ilikuwa imejaa. Ningekuja siku ile tiketi zilipotoka, akasema, viti vilikuwa tele, angewatenganisha kwa dakika moja.

"Lakini huyu mkwe wenu amejitoa," akaongeza. "Alipita hapa jana tukifunga. Amehamia Jumamosi. Hakukuwa na nafasi ya karibu zaidi."

Nilimpigia nikiwa bado nimesimama pale. "Shemeji, mbona hukusema?"

"Ningesema aje? Niliona hizo viti siku ile ile. Mtu hawezi kutaja mama mkwe na kulala kwa maneno moja. Nilijua nyinyi mtaona, nikangoja." Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Mlikuwa mnaongea mambo ya wimbi."

Nilipomweleza mama, alivaa miwani yake. "Huyo ndiye mkwe," akasema. "Sasa nitaenda."

"Peke yako?"

"Ndege imejaa watu, unasema peke yangu?"

Alikuwa hajawahi kuvuka Nakuru, Kiingereza chake ni cha kusalimia tu, na hakuogopa. Hilo nalo liliniudhi, sijui kwa nini. Alhamisi nilimsindikiza hadi Nairobi. Ijumaa ilikuja picha: mama ameketi kando ya kitanda cha mdogo wangu, koti bado mwilini, ameushika mguu wa binti yake kama anayezuia asiondoke. Nililia dukani mbele ya wateja.

Jumamosi kamati ilikaa kama ilivyoahidi, kwa baba mdogo. Nilikwenda makusudi, maneno yangu nimeyanoa. Katibu alikuwa bado anasoma ajenda simu yangu ilipoita. Ni mdogo wangu. Nikaweka sauti wote wasikie. Mtoto wa kike, mzima, na huko nyuma tukamsikia analia, na sauti ya mama ikimnyamazisha kwa Ekegusii, lugha yetu. Watu walirukaruka. Kaka, aliyekuwa anafuatilia kikao kwa simu ya katibu kutoka Mombasa, alipaza sauti: "Si niliwaambia? Mipango yangu haina kasoro!" Wakampigia makofi.

Ndani ya kelele hizo mdogo wangu aliuliza, "Baba ya mtoto amefika wapi?"

Makofi yaliendelea. Mumewe alikuwa Nairobi, kwenye foleni ya kupanda ndege. Wale watoto wawili wa kwanza aliwabeba yeye kwenda kuwazika, mikononi mwake, bila ndugu hata mmoja. Huyu aliyelia, hakumsikia.

Baba mdogo akasema kwa kuwa Mungu ametenda, suala la viti limekwisha, tufunge kwa maombi. Wote wakainamisha vichwa. Mimi nilitoka nje nikampigia shemeji. Simu yake ilikuwa imeshazimwa.