Gia Nyepesi ya Kilima cha Lusumu

Naikumbuka siku moja ya miaka ya tisini vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, mjukuu wangu. Nimeona nikusimulie leo, maana jana nilikusikia ukimwambia kaka yako kwamba baiskeli yako ya kwanza ya mashindano utaifunga gia zilezile wanazotumia mabingwa. Keti kidogo. Chai haijachemka bado.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, msaidizi katika zahanati ndogo ng'ambo ya mto Lusumu, kando ya lami ya kwenda Kakamega. Hatukuwa na jokofu. Kila siku ya kliniki ya watoto, mtu aliamka akaenda Mumias kuchukua chanjo, akazileta ndani ya kikasha cha barafu. Mzee aliyekuwa akiifanya kazi hiyo alipostaafu, nesi wetu mkuu, Sista Imelda, aliniuliza kama ninaweza. Nikasema ninaweza. Sikumwambia kwamba baiskeli nilikuwa nimejua kuiendesha kwa majuma matatu tu.

Baiskeli yenyewe tuliachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa amejitolea kufanya kazi kwetu. Ilikuwa ya mashindano kweli, nyekundu, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, na nyepesi hata nikaiinua kwa mkono mmoja. Tuliifunga keria nyuma, nami nikaipeleka Ekero, karibu na Mumias, kwa Mzee Swaleh anikazie breki. Huyo Mzee Swaleh alikuwa fundi, Mwislamu wa Mumias, mtu wa maneno machache, na kila aliyefika alimpokea kwa salaam aleikum, hata sisi watu wa kanisa.

Alizigusa gia za nyuma moja moja kwa kidole, akihesabu meno. Kisha akaniambia kwamba ile kubwa kabisa ina meno ishirini na moja, na hiyo ni gia ya mtu aliyekulia juu ya baiskeli. Ujue, mwanangu, nyuma mambo yamegeuzwa: kadiri gia ya nyuma inavyokuwa kubwa, ndivyo mguu unavyopata nafuu kilimani. Mzee alikuwa na nyingine aliyoitoa kwenye baiskeli kuukuu, yenye meno hadi ishirini na nane. Alitaka kunifungia hiyo.

Sasa pale kwenye benchi walikuwapo vijana wawili wa boda boda za baiskeli wakingoja kuzibiwa pancha. Mmoja akasema hiyo ni gia ya kukhu, ya bibi kizee. Wakacheka. Nami, msichana pekee wa eneo lile aliyepanda baiskeli ya mashindano, niliona heri nife kuliko kufungiwa gia ya kukhu mbele yao. Nikamwambia fundi aiache ilivyo. Hakubishana nami. Alikaza breki akanirudishia baiskeli yangu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu halikuvunjika, lakini heri lingevunjika hilo guu.

Jumanne ya kwanza nilitoka Mumias na kikasha kimefungwa kwa mpira wa tyubu. Kwenye tambarare baiskeli iliruka kama swala. Nikajipongeza. Nikashuka bondeni, nikavuka daraja, kisha kilima kikaanza. Unakijua kile kilima, huwa hakitishi ukikitazama. Nilibadilisha gia mpaka ya mwisho, ile ya meno ishirini na moja, na bado pedali zilikuwa kama zimeshikwa na mtu. Nikasimama juu yazo, nikakanyaga kwa uzito wangu wote. Goti likaniuma. Baiskeli ikapunguza mwendo, ikapunguza tena, mpaka ikasimama kabisa nami nikiwa bado juu yake, miguu imebanwa kwenye mikanda ya pedali. Nikaanguka ubavu.

Kikasha kilipasuka. Barafu ilitawanyika kwenye lami, na vile vichupa vidogo vikavunjika mbele ya macho yangu. Surua ilikuwa imeingia vijiji vya kwetu mwezi ule. Nilijua hivyo vichupa vilikuwa vya nani.

Nilipofika zahanati nikikokota baiskeli, akina mama walikuwa wamejaza mabenchi hadi nje. Mmoja alikuwa ametoka Musanda na mapacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Sista Imelda alikiona kikasha kilichopasuka, akanitazama. Nikasema trekta la miwa limenisukuma nje ya barabara.

Ndiyo, mwanangu. Kukhu wako alidanganya. Sista aliwaambia wale mama warudi Jumanne ijayo, na yule wa mapacha akainuka, akawafunga vizuri wanawe, akaanza safari ya kurudi. Mgongo wake ninauona mpaka leo.

Siku ya pili nilikwenda Ekero kunyoosha usukani. Mzee Swaleh aliigeuza baiskeli, akatazama cheni, ilikuwa bado iko kwenye ile gia ya mwisho. Habari ya trekta nilimwambia, lakini cheni ilimwonyesha nilishindwa na kilima.

"Binti yangu," akasema, "hii gia ilichaguliwa na mwenye baiskeli. Kwa miguu yake na kwa barabara za kwao. Wewe umevaa nguo yake, na nguo ya kuazima haistiri maungo."

Nikamwambia nilitaka kuonyesha kwamba ninaweza. Akanionyesha kwa kidole ng'ambo ya barabara, mahali vibarua walipokuwa wakipakia miwa.

"Watazame hao. Anayejitia nguvu anabebanga mzigo wa watu wawili, na kufika adhuhuri ameketi. Huyo mwingine anabeba unaomtosha, mara nyingi, na trela inajaa. Bandu bandu huisha gogo. Sasa niambie, wale watoto wanangoja nguvu zako au wanangoja dawa?"

Alifunga ile gia ya meno ishirini na nane, akaongeza pingili mbili za cheni, akanipeleka kwenye mwinuko wa nyuma ya duka lake. Akanifundisha kubadilisha gia kabla mlima haujaanza, si baada ya kushikwa nao, na kuizungusha miguu upesi kwa nguvu kidogo, nikiwa nimeketi. Jioni hiyo nilimwendea Sista Imelda nikamwambia hapakuwa na trekta. Akasema, "Jumanne utakwenda tena."

Nikaenda. Nikavuka daraja, nikashusha gia mapema, nikaketi, miguu ikazunguka kama cherehani. Katikati ya kilima niliwakuta wale vijana wawili wa benchi, wameshuka, wanasukuma baiskeli zao. Niliwaamkua nikapita. Nisiseme uongo mara ya pili: moyo wangu ulijaa mpaka ukamwagika. Lakini fahari kubwa ilikuwa juu, zahanati, nilipomwona mama wa Musanda na mapacha wake wote wawili wazima, wakilia kwa sindano sauti ya kuezua paa. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Niliifanya kazi hiyo miaka sita. Sikuvunja kichupa kingine. Mwaka ulipopita na miguu imekomaa, nilimwomba Mzee Swaleh anirudishie ile gia nzito nijaribu. Nilipanda nayo kilima chote bila kushuka. Kisha nikamwambia anifungie tena ile nyepesi, maana nilikuwa na kazi ya kufanya.

Basi mwanangu, unapoanza, chagua gia kwa kilima cha kwenu na kwa miguu uliyo nayo leo. Usichague kwa miguu ya bingwa, wala kwa vicheko vya watu wa kwenye benchi. Nyuma funga gia kubwa, yenye meno mengi, ukae nayo mpaka mwili wenyewe udai nyingine; ile nzito haitakimbia. Ukianguka, sema umeanguka. Na maishani vilevile, mzigo uupunguze kabla haujakuangusha mbele ya wanaokungoja.

Mungu aliyenipandisha kile kilima akupandishe na vyako, magoti yako yawe na afya, na kila unayempelekea kitu akukute umefika nacho kizima.