Aliyesimama Kwenye Ua

Tangu mumewe, Mogire, azikwe, Bathsheba alikuwa akimsikia akikohoa. Kikohozi kikavu, kutoka upande wa jiko. Hata alipokuwa akichuma majani ya chai alikisikia nyuma ya mgongo wake, akageuka, akaona michai tu, na ukungu wa Ikonge umeilalia.

Mumewe alianguka katika shamba hilohilo na kukata roho kabla gari halijapatikana. Daktari alisema ni moyo. Anyona, ndugu wa marehemu, alisema kuna mtu aliyemroga. Na mtu mwenyewe alikuwa Drusilla, ajuza aliyeishi peke yake ng'ambo ya ua.

Maneno hayo yalianzia kinywani mwa Bathsheba. Jioni ya kuamkia kifo, alimwona Drusilla amesimama kwenye ua akitazama boma lao. Hivyo ndivyo alivyosimulia matangani. Watu waliuliza tena na tena, naye akajibu. Baada ya wiki chache, Drusilla wa simulizi akawa amenyoosha mkono. Baadaye akawa amerusha kitu. Kila aliposimulia, Bathsheba alizidi kukiona kitu hicho, mpaka akajua na rangi ya kitambaa kilichokifunga.

Usingizi ulipomhama kabisa, alimwendea Mwalimu Emily, mstaafu aliyetunza kabati la vitabu kanisani.

"Nipe chochote, mwalimu. Nisome nichoke."

Emily alimpa kitabu kuhusu nyuki. "Lakini ukisoma, andika kwa maneno yako. Usinakili."

Bathsheba alirudi na karatasi yake. Alikuwa ameandika kwamba nyuki akipata maua hurudi mzingani akacheza, wenzake wakajua pa kwenda.

"Umemwona akicheza?" Emily aliuliza.

"Hapana. Kitabu kimesema."

"Basi andika hivyo. Kitabu kimesema. Ulichokiona kiwe chako, ulichoambiwa kiwe cha aliyekuambia."

Bathsheba alidhani ni ukali wa walimu tu. Hata hivyo alifuata, kitabu baada ya kitabu, akikaa mlangoni baada ya kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai. Ikawa hata sokoni mtu akimwambia jambo, anajiuliza limetoka wapi.

Asubuhi moja aliamua kuandika kuhusu jioni ile. Aliandika: nilimwona Drusilla amesimama kwenye ua. Sentensi ikatoka bila taabu. Akaanza: akanyoosha. Kalamu ikasimama. Alifumba macho autafute ule mkono. Akaukuta, lakini ulikuwa katika sauti yake mwenyewe, akimsimulia mke wa Anyona. Kitambaa nacho alikikuta kisimani, siku mwanamke mmoja alipouliza, "Kilifungwa na nini?" naye akajibu.

Kikohozi kikasikika jikoni. Bathsheba aliikunja karatasi.

Hakumwambia mtu. Aliogopa. Kisha Jumapili moja, saa za alasiri, akawaona wanaume wakipita kando ya shamba lake, Anyona mbele, mmoja wao amebeba mtungi wa petroli. Aliwakimbilia, akawakuta mlangoni kwa Drusilla. Ajuza alikuwa ameketi kizingitini, ameshika kisu cha kumenyea ndizi, hata hakuwa amesimama.

"Shemeji, ngoja," Bathsheba alisema. "Wewe uliona nini?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe ulituambia!"

"Nilimwona amesimama. Basi. Mkono sikuuona. Kitu sikukiona."

"Umelishwa nini? Unamtetea aliyemuua ndugu yangu?"

Bathsheba alimgeukia aliyebeba mtungi. "Wewe uliona?"

"Tulisikia."

"Kwa nani?"

Yule mtu alitazama chini. "Kwako."

Aliwauliza wote, na kila jibu lilirudi kwake, kama watu wanaomrudishia vyombo alivyowaazima. Anyona alitema mate, akaondoka. Wengine walimfuata mmoja mmoja. Tangu siku hiyo Anyona hakumsalimu tena.

Drusilla hakubaki Ikonge. Binti yake alikuja akamchukua akakae naye Mosocho. Bathsheba alimfuata huko kuomba msamaha. Alipokelewa barazani, hakukaribishwa ndani. Alieleza yote, bila kuficha: matanga, kisima, nyuki, karatasi, kalamu iliyogoma.

Drusilla alisikiliza huku akitazama barabara.

"Kwa hiyo karatasi ndiyo iliyokuonyesha," alisema.

"Ndiyo, magokoro." Alimwita bibi, kama alivyomwita tangu aolewe.

"Na kama usingeandika?"

Bathsheba aliitoa ile karatasi iliyokunjwa, akamnyoshea. Drusilla hakuipokea. Binti wa Drusilla alitoka na chai, akaviweka vikombe chini.