Mahali Ambapo Hatukuitana Majina

Enzi zetu likizo ya Agosti ilikuwa likizo kweli, si hii ya siku hizi ambapo mtoto anatoka shule Ijumaa na Jumatatu yuko tuisheni na macho mekundu. Shule ikifungwa, watoto wa Tuwan pale Kitale tulitawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Majirani zetu wa nyumba ya pili walienda kwa nyanya yao Endebess, kunywa maziwa mpaka mashavu yavimbe. Mimi na mdogo wangu Nekesa tulipelekwa upande wa Bungoma, juu ya Chwele, kwa senge Rasoa, dada mkubwa wa baba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Nekesa saba. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kiboko na maneno machache, na nadhani tukiondoka yeye ndiye aliyepumzika zaidi.

Kwa senge tulilala kitanda kimoja cha kamba, miguu ya Nekesa tumboni mwangu. Asubuhi chai ilinukia moshi, na viazi vitamu vilitolewa jivuni vikiwa moto hata ukavirusha mkono hadi mkono. Mchana ulikuwa ugali wa wimbi na mrenda uliopikwa kwa munyu wa majivu, ule mrenda wa kuvutika kutoka sahani mpaka mdomoni. Tuliruka kamba ya blada mpaka kucha zikang'oka. Tulicheza kati, kukwepa mpira wa karatasi za nailoni, na kalongolongo nyuma ya ghala, tope likiwa unga na mimi nikiwa mama siku zote, kwa sababu nilikuwa mkubwa na nilikuwa na mdomo. Mtoto wa leo ukimsimulia haya anakuuliza kama tulinawa mikono. Hatukunawa, na tuko hapa.

Senge hakujaliwa mtoto. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kicheko cha kutoka tumboni, na akiulizwa sokoni sisi ni wa nani alijibu, "Hawa ni wangu, huyo mwalimu nimemwazima tu." Alitupenda wote, lakini alimpenda Nekesa zaidi. Nyama nyororo ilienda kwa Nekesa, na hadithi ilianzwa upya Nekesa akisinzia. Mimi niliambiwa, "Wewe si mkubwa?" Nilikuwa mkubwa, ndiyo, lakini iliniuma, na sioni haya kusema hivyo leo.

Nyuma ya shamba lake kulikuwa na kilima, na juu ya kilima mji uliokufa. Wazee waliuita lukoba, mji wa ukuta wa zamani za vita, ambamo ukoo mzima ulijifungia ndani na ng'ombe wake. Ukuta ulikuwa wa udongo. Mahali pengine ulisimama bado, juu kuliko baba, na mahali pengine umelala chini ukaota nyasi, na nje yake handaki lilizunguka kilima chote. Lango lilikuwa moja tu, mawe mawili makubwa na katikati nafasi ya ng'ombe mmoja kupita. Ukivuka hapo, hata jua likiwa la saa saba, ungetafuta sweta. Ndani uliona duara za nyumba zilizoanguka, moja baada ya nyingine, kubwa na ndogo, kila moja na mlango wake ukielekea langoni. Mawe ya kusagia yalikuwa bado mahali pake, yamelika katikati, na kila tulipopita yalikuwa na unyevu, hata kama mvua haikunyesha wiki nzima. Ndege hawakulia mle. Senge alisema watu wale waliuhama mji siku moja, vyungu vikiwa motoni, na hakuna aliyewahi kukutana na ukoo wao kwingine.

Aliyetaka kuingia, awe mganga wa mitishamba, mwalimu na wanafunzi wake au mzungu na kamera yake, aliambiwa amtafute kwanza Rasoa. Yeye ndiye aliyejua yalipo mashimo ya kuhifadhia wimbi, marefu, yenye mdomo mwembamba, yaliyofunikwa na nyasi. Hakuingiza kundi. Aliongoza mmoja au wawili, polepole, fimbo ikipapasa mbele, na kila mgeni alisimamishwa langoni akaambiwa sheria.

"Humu hatuitani majina," alituambia na sisi mara ya kwanza, amechuchumaa ili macho yake yalingane na yetu. "Ukimtaka mwenzako, kohoa, naye atakohoa. Na ukisikia jina lako limeitwa, funga mdomo. Si tumekubaliana kwamba sisi hatuitani? Basi anayekuita si sisi."

Nekesa alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi sana. Mimi nilijifanya sijali, lakini mkojo ulinibana.

Sasa ile Jumamosi. Ilikuwa siku yetu ya mwisho, na baba alikuwa njiani kuja kutuchukua. Senge alitaka kuchuma dawa ya tumbo kwenye mti wa mrembe uliokuwa ndani ya ukuta, akatupeleka. Alimshika Nekesa mkono tangu langoni. Alimwonyesha kigae chenye alama za kucha za mwanamke aliyekifinyanga, akamwekea kidole chake kidogo juu ya alama zile. Mimi nilitembea nyuma yao nikikohoa, kikohozi cha kweli cha kuomba mtu anigeukie, na hakuna aliyegeuka. Tulipofika kwenye mti, senge alimwachilia mkono ili abandue magamba. Nikaona nafasi yangu.

Nilijificha nyuma ya kipande cha ukuta. Nikabana pua, nikaita kwa sauti nyembamba ya kuvuta: "Nekesaaa."

Kupitia ufa nilimwona amesimama wima, mabega yamepanda masikioni. Kicheko kilinikaba. Nikaita tena. "Nekesaaa." Nyasi zikatikisika, na Nekesa hakuwepo tena. Nilitoka mafichoni nikicheka peke yangu, nikamkuta senge na magamba mkononi.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Sijui," nikasema, na hilo lilikuwa kweli.

Senge mwenyewe aliyetufundisha sheria naye akaivunja. Alizunguka duara zile akikimbia, kitambaa kimemtoka kichwani, akipiga kelele: "Nekesa! Nekesa, mayi, mama yangu, uko wapi?" Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Majirani walisikia wakaja. Baba alifika akiwa na koti lake la shule na viatu vilivyopigwa rangi, akapanda juu ya ukuta akaita kwa ile sauti iliyofanya darasa zima linyamaze. Wanaume kama saba walikuwa wakiita jina lile kutoka pembe zote za mji, na kila wakinyamaza kusikiliza, hakuna kitu. Kisha mvua ya mchana ikaanza, ile ya mlimani isiyobisha hodi.

Mimi nilijua. Nilijua mdogo wangu yuko mahali fulani chini ya nyasi zile na anasikia kila mwito, na kila mwito unamfanya aubane mdomo zaidi. Ningeweza kusema mapema. Lakini baba angeniuliza ilianzaje, na kiboko chake nilikifahamu kuliko nilivyofahamu kitu kingine chochote duniani. Nikasimama tu kwenye mvua. Ni mpaka nilipomsikia jirani mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba mashimo yale hujaa maji ndipo nilipomvuta baba koti.

"Baba, msimwite. Aliambiwa asiitike."

"Nani alimwambia?"

"Ni mimi," senge akasema. Aliinua mkono, kila mtu akanyamaza, ikabaki mvua peke yake. Akakohoa. Tukangoja. Akakohoa tena, kwa nguvu, kama mtu mwenye kifua. Na kutoka chini, hatua mbili tu kutoka pale viatu vya baba vilipokuwa, ardhi ikakohoa.



Walimtoa kwa kamba ya ng'ombe. Maji yalikuwa yamemfika kifuani na midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alisema jambo moja tu: "Niliitwa, lakini sikuitika." Wanaume wakatazamana, na mmoja akavua kofia. Baba alimfunika na koti, akamgeukia dada yake. Hakupaza sauti. "Umemfundisha mtoto wangu kuogopa sauti ya babake," akasema, na tukaondoka jioni ile ile bila kunywa hata chai.

Hatukurudi tena kwa senge kwa likizo. Wiki tatu baadaye alikuja Tuwan na jogoo kwapani, kuomba radhi, na baba alimpokea akiwa amesimama mlangoni. Nilikuwa nyuma ya pazia. Sentensi moja tu ingetosha: ni mimi niliyemwita. Sikuisema siku hiyo. Sikuisema nilipokuwa kidato cha nne, wala nilipoolewa. Senge aliacha kuongoza watu kilimani, lango likaota miiba, na watu wakaanza kumtaja kama yule mama aliyepeleka mtoto kwa mizimu. Kwenye mazishi yake nilipewa nafasi ya kuzungumza kama mtoto wa kaka yake. Nilisimulia viazi vitamu, watu wakacheka vizuri, nikakaa.

Mwaka huu Nekesa alinipigia simu. Ana duka lake la vifaa vya ujenzi hapo Kitale, miwani shingoni, na wafanyakazi wanamwogopa. "Dada, twende kule," akasema. "Nataka nione lile shimo lilikuwa kubwa namna gani." Nilikubali, na usiku ule sikulala.

Siku hizi kuna kiongozi wa wageni. Tulimkuta anatungoja chini ya kilima, kijana anayeitwa Brayo, jaketi ya kung'aa, simu mbili na suruali iliyochanika magotini kwa makusudi. Unamkodi kwa simu, anakuongoza wewe na familia yako peke yenu. "Niaje, madam," akatusalimia, wanawake wa umri wa mamake. Alitupeleka akitembea huku anaandika ujumbe, na mimi nilikuwa nikimtazama miguu, ati asije kuzama na simu zake zote mbili. Mashimo sasa yamezungushiwa seng'enge, kwa bahati. Pale langoni hakutusimamisha. Aliingia tu, akageuka akitabasamu.

"Hii place iko na mwangwi noma. Iteni majina yenu muskie vile inarudi. Wageni wote hupenda."

Tulinyamaza. Akadhani hatukuelewa, akatuonyesha. "Brayooo!" Likarudi kutoka ukutani, likapita juu ya zile duara za nyumba, likaisha polepole sana. Kijana akacheka, akaenda pembeni kutafuta mtandao.

Tukabaki kwenye shimo, mimi na yeye. Lilikuwa dogo. Leo lingenifika mabegani. Nekesa alishika seng'enge kwa mikono miwili akachungulia, na nikaona nisiposema wakati huo nitakufa nalo.

"Ni mimi niliyekuita siku ile," nikasema. "Nilibana pua nikakuita mara mbili. Nilikuwa na wivu. Hakukuwa na mizimu, ni mimi."

Hakushtuka hata kidogo. "Najua. Sauti yako ningeikosaje, nimelala na wewe kitanda kimoja?"

"Sasa mbona ulinikimbia?"

"Wewe sikukukimbia." Alikuwa bado anaangalia chini. "Ulipoita mara ya pili, mtu aliitika. Akasema, 'Abee, dada.' Alikuwa nyuma yangu, karibu, na alitumia sauti yangu."

Mimi siku ile sikusikia kitu. Nimejiuliza sana tangu hapo, nikiwa jikoni, nikiwa kanisani, na najibu hivyo hivyo: sikusikia kitu. Lakini nilisimama pale mchana kweupe, kijana akiwa hatua ishirini kutoka kwetu anabonyeza simu, na sikuweza kugeuka nione nyuma ya mdogo wangu kuna nini.

"Na mbona hukusema?" nikamuuliza. "Miaka yote hii?"

"Ningesema kuna mtu aliitika, baba angeuliza alikuwa anamwitika nani." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya sweta. "Angekuchapa mpaka uzimie, dada. Nikaamua nisikutaje."

Nilikaa chini kwenye nyasi. Mtoto wa miaka saba, maji kifuani, alikuwa amenilinda mimi, na mimi nilikuwa nimejilinda mimi vilevile, na kati yetu wawili hakuna aliyemlinda senge. Nekesa akakaa kando yangu. Tulilia bila aibu, na Brayo alipotuona akarudi mbio akiuliza kama tumechoka, kama atuitie boda.

Sijui niseme nini juu ya vijana hawa. Wanaingia mle wanaita majina yao kwa furaha, wanajipiga picha wamekalia mawe ya kusagia, wanatoka wazima na jioni wameshasahau. Hawaogopi, na huenda ni heri. Sisi tuliogopa kila kitu, ukuta, sauti, kiboko, lakini tulikuwa na mtu wa kuchuchumaa langoni mpaka macho yake yalingane na yetu. Ningepewa siku moja tu ya zamani zile, nisingeomba michezo wala chakula. Ningeomba ile Jumamosi, mvua na yote, nisimame kati ya baba na dada yake, nimwambie: Baba, ni mimi.