Mama Sabuni Alipiga Hodi

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. La, nimekosea, ilikuwa themanini na nne, maana themanini na tatu kidole changu hiki cha kati kilikuwa bado kizima, na siku ninayoisimulia nilishika randa kwa vidole tisa.

Nilikuwa seremala wa shule ya sekondari. Karakana yangu ilitenganishwa na chumba cha wagonjwa kwa ubao mwembamba tu, na huko alikaa nesi mstaafu tuliyemwita Mama Sabuni. Hata mwalimu mkuu hakupewa kidonge cha kichwa kabla hajanawa. Mimi nikienda kumrekebishia bawaba ananirudisha bombani. "Fundi, hiyo gundi yako inanuka kama samaki aliyesahauliwa," anasema, na sabuni yake ananipa.

Kila muhula ukifunguliwa, wasichana walipangwa foleni mlangoni kwake wapimwe mimba kwa mkono. Hakuna aliyewauliza kama wanataka. Atakayekutwa nayo anaandikwa jina, anafunga begi, anaondoka siku hiyo hiyo. Mama Sabuni hakuipenda kazi hiyo, ila aliifanya miaka tisa, kwa namna yake. Msichana akishalala, yeye husugua viganja vipate joto, kisha husema, "Hodi." Msichana hucheka kidogo na kujibu, "Karibu, Bibi." Ndipo anagusa. Asubuhi nzima nasikia kupitia ubao: hodi, karibu, hodi, karibu.

Sasa, mwaka uliotangulia msichana mmoja alitoa mimba kwa siri akaponea chupuchupu. Polisi walimchukua hospitalini, dripu ingali mkononi. Kesho yake Mwenyekiti wa kamati ya shule alisimama kwenye gwaride la asubuhi akasema aliyetoa mimba ni muuaji, kila uhai ni amana, aliyebeba na abebe. Mama Sabuni alipiga makofi. Sisemi uongo, alikuwa upande wake. Alishawaona wengi wakifia wodini, na hakutaka kusikia habari za kutoa.

Basi muhula ule wa themanini na nne akaingia binti wa kidato cha nne, kichwa cha darasa, mtihani wa mwisho umebaki miezi miwili. Nilimsikia Mama Sabuni akisema hodi. Kimya. Akarudia. Kimya tena. Halafu binti akasema polepole, "Bibi, ukiingia utamkuta mtu. Mlisema tusitoe. Sijatoa."

Mama Sabuni hakugusa. Alimwambia avae viatu. Mbele ya jina lake kwenye daftari aliandika neno moja: hakupimwa.

Wiki tano baadaye sare ilimsaliti yule binti, na kamati ikaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mimi nilikuwa ofisini mle nikitengeneza fremu ya dirisha, na nani humjali fundi? Mwenyekiti alimwambia Mama Sabuni, "Mama, kazi yako ni kubonyeza na kuandika tu."

"Nilipiga hodi, Mwenyekiti. Sikukaribishwa, sikuingia."

"Hodi ya nini? Tumbo ni nyumba?"

"La kwako ni ghala, tunaliona wote. La yule ni lake."

Mwalimu mkuu alikohoa kuficha kicheko. Mama Sabuni hakucheka. "Mwaka jana ulitwambia aliyetoa ni muuaji, aliyebeba na abebe. Nilikupigia makofi kwa mikono hii. Huyu amekusikia, amebeba. Unamfukuza kwa kosa lipi, la kukutii?"

"Sheria ya nchi ni sheria ya nchi, na ya shule ni ya shule."

"Na msichana ni mmoja," alisema. "Yule mvulana aliyempa mimba, mliyeambiwa jina lake, yuko darasani anasoma. Tumbo lake nani kalibonyeza?"

Walimwachisha kazi kabla ya chai ya saa nne, na binti akafukuzwa. Mama Sabuni aliondoka na kipande cha sabuni ndani ya kitambaa, akamchukua yule binti akae kwake, kwa kuwa baba mtu alishamfungia mlango. Mtoto alizaliwa mikononi mwa Mama Sabuni. Mtihani binti hakuufanya, si mwaka ule wala mwingine. Akili kama ile ilikwenda kufua nguo za watu, na mimi hadi leo damu inanichemka.

Lakini nirudi nyuma kidogo. Kesho ya kikao kile niliamriwa nitoe dawati la yule binti kwenye chumba cha mtihani, namba thelathini na moja, namba niliyoipaka rangi mwenyewe. Nililitoa. Nakiri, nilikuwa na watoto sita wa kulisha. Nilijitwika kichwani, nikamkuta Mwenyekiti kwenye ngazi akielekea kwenye gari lake, nikalitua mbele yake.

"Vipi, fundi, limevunjika?" akauliza.

"Halijavunjika, mzee. Nina swali tu." Nilivua kofia, maana alinizidi umri. "Akitoa, mnampeleka polisi. Asipotoa, mnamtupa barabarani. Mimi darasa la nne sikulimaliza, hebu nieleweshe: mlitaka binti wa watu afanye nini?"