Glasi ya Maji Mbele ya Maman Furaha

Nakumbuka mchana mmoja wa Jumamosi, mwanangu, miezi michache baada ya kupandikizwa figo. Nilikuwa kijana, fundi cherehani hapa Matonge, mtaa wetu Waafrika huku Ulaya, lakini badala ya kushona nilijifungia chumbani. Niliogopa kupanda treni ya metro, niliogopa mafua ya watu, hata kucheka kwa nguvu niliogopa. Zaidi ya yote nilimwogopa Maman Furaha.

Huyo alikuwa mama wa makamo kutoka Bukavu. Hospitalini tulikaa viti jirani, kila mmoja na mashine yake ya kusafisha damu, tukipiga soga mpaka wauguzi wakadhani ni mama na binti. Kisha mimi nikaitwa: figo imepatikana. Yeye akabaki. Ningemtazama vipi usoni?

Mchana ule akaja mwenyewe, anahema kwa kupanda ngazi. Tukazungumza hili na lile. Koo lilinikauka, madaktari walikuwa wameniagiza ninywe maji mengi. Lakini yeye bado alikuwa anapimiwa maji kama dawa, maana figo zake hazikuweza kuyatoa, nami sikuthubutu kunywa mbele yake.

Akang'amua. Akaenda jikoni, akarudi na glasi imejaa pomoni.

"Kunywa."

"Nitakunywa baadaye, Maman."

"Non. Kunywa sasa, nikuone."

Nikanywa huku machozi yananitoka. Alinitazama mpaka tone la mwisho.

"Bon. Juu ya nini unanikimbia, mutoto yangu? Nilikuwa naomba Mungu akuponyeshe. Alors, akikuponyesha, nilie? Inaniuma kuona umepona na ungali unakaa kama mugonjwa. Kesho uende kazi."

"Kesho ni Jumapili, Maman."

"Basi kesho kanisa. Kesho kutwa, lundi, kazi."

Nilienda. Yeye hakupata figo. Madaktari walisema moyo wake usingeweza kuhimili upasuaji. Nilizoea kumtembelea akiwa kwenye mashine, nikimsimulia harusi na nguo nilizoshona, naye akitaka kujua kila kitu, hadi rangi ya vifungo. Alipofariki, mimi ndiye niliyemshonea nguo ya kuzikwa.

Wewe nawe umetoka hospitalini juzi na figo mpya, mwanangu, na najua kuna rafiki uliyemwacha kule kwenye mashine unayemkwepa. Mwendee. Usijifanye mnyonge kwa ajili yake. Hakuna anayefarijika hivyo. Meza dawa zako kwa wakati, vaa koti, rudi masomoni, kisha nenda ukamsimulie.

Mungu akulinde, amrehemu aliyekupa figo, na huyo anayengoja asingoje sana.