Maharagi ya Filimu

Miguu yangu haitaki tena kutembea mlango kwa mlango, kwa hiyo nilitandika kitenge mbele ya nyumba yangu hapa kambini Misiera, nikaweka beseni katikati, nikakaa pembeni. Nilikuwa nakusanyia mtoto wa mdogo wangu mchango wa filimu.

Filimu ya nini? Ngojeni. Huyu binti, wakati biashara yake ya viatu ilikuwa inatembea, alienda mbali akawekewa ndani ya matiti ile mifuko ya kuyakuza. Alirudi anapendeza, sidanganyi. Hata mimi niliangalia ya kwangu, nikacheka. Miaka ikapita, titi moja likawa gumu, likavutika upande, uchovu ukamshika hadi ndoo ya maji ikamshinda. Dokita wa Mbarara akasema vile vitu havikai milele, lazima vipimwe, na vya kwake vitolewe.

"Mbona hawakuniambia mbele?" aliuliza. Na wasichana wa hapa walikuwa bado wanakuja kumuuliza alifanyia wapi. Ndiyo akataka filimu, ipigwe kabla ya operesheni, waone titi lenyewe. Mama mmoja wa Mbarara, mpiga filimu za harusi, alikubali kazi bure, ila kamera si yake, ni ya kukodi.

Sasa, sisi watu wa Kongo, kitenge na beseni mbele ya nyumba ni kilio. Mimi sikufikiria. Najua kukusanya namna hiyo tu.

Wakaja wamama, vitambaa kichwani, wakimwaga maharagi na kulia. Nikasema moyoni, kumbe wamesikia uchungu wake! Nikalia na mimi.

Halafu binti akatoka ndani na birika la chai.

Jirani yangu aliruka. "Yesu! Huyu si ndiye tunamulilia? Mama mukubwa, ni nani alikufa basi?"

"Hakuna. Ni mchango wa filimu."

"Filimu! Na hii machozi yangu utanirudishia na nini?"

"Chukua maharagi yako."

"Nichukue maharagi ya kilio? Unataka nizike batoto bangu?"

Maana kwetu, kilichowekwa kwenye kitenge hicho hakichotwi tena na aliyekileta. Wakabaki wamesimama, wamekasirika, hawajui waende au wakae. Binti akaweka birika chini, akasogeza beseni, akakaa katikati ya kitenge, fasi ya mfiwa.

"Basi munililie sasa," akasema. "Ningali nasikia."

Akawaeleza yote. Jirani akaomba kugusa, akaingiza mkono chini ya nguo, akautoa haraka. Hakusema tena habari ya machozi. Alienda kwake, akarudi na debe la mahindi.

Tuliuza vyote sokoni Kaberebere, wanunuzi wakatupunja kama kawaida. Ikatosha kukodi kamera siku moja. Wakapiga, operesheni ikafuata, na binti sasa anabeba ndoo, nusu nusu.

Lakini filimu iko Mbarara vipande vipande, kuunganisha nako kunataka pesa. Juzi msichana mwingine alikuja kuuliza ni wapi. Binti alimuonyesha kovu, akaongea mpaka sauti ikaisha. Nilikuwa nimejilaza ndani, nikasikia yote, nikachoka kwa niaba yake.

Asubuhi nikatoa tena kitenge na beseni.

"Mama mukubwa," akasema, "leo anza kubaambia mimi ni muzima."