Jeneza la Mkuyu

Mwaka ule ambao hata sanda ilipatikana kwa kimemo cha mkubwa, bibi mdogo, mke wa pili wa babu, aliamua kwamba yeye hatazikwa ndani ya ngozi ya ng'ombe kama watu wa zamani. Yeye ni Mkristo, alisema, na Mkristo analala ndani ya mbao. Mbao Musoma mjini hazikuwepo, na mwenyewe alikuwa mzima kiasi cha kunikimbiza na mwiko. Lakini akishaamua, ameamua.

Upepo ukamsaidia, ukaangusha mkuyu pale kijijini kwetu, kando ya ziwa. Baba mdogo, fundi mitumbwi, aliupasua ukiwa mbichi, akang'oa misumari kwenye mtumbwi uliooza, akamchongea mama yake jeneza. Bibi alijilaza ndani yake hapo uani, apime. Alisema kichwani panabana kidogo, ila huko haendi kucheza ngoma. Kisha akaliingiza chumbani kwake na kulijaza mihogo mikavu.

Bibi mkubwa, mke wa kwanza, aliyekaa nyumba ya pili pale pale uani, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwenzangu, siku hizi unakulaga chakula ya kaburini!" Wawili hawa walikuwa wakigombana tangu baba yangu hajazaliwa, na babu alikufa akiwaacha katikati ya ugomvi.

Nilikuwa nafundisha Bunda. Nilipokuja likizo nikalikuta jeneza linatafunwa. Ukikaa karibu unasikia krr, krr, na unga unadondoka sakafuni. Siku moja likatoka dudu la kahawia lenye vipapasi virefu kuliko mwili wake. Nilipolishika likalia kwii, nikalitupa. Baba mdogo alisema hao ni wa mkuyu tangu zamani: jike hutaga kwenye gome, na mtoto hukulia ndani ya mti akiutafuna. Sisi tulikuwa tumepasua nyumba na wenyewe wamo.

"Wananikula na sijafa bado!" bibi mdogo alipiga kelele.

Kwetu mtumbwi ukiingiliwa na wadudu unajazwa mawe, unazamishwa ziwani mpaka wafe. Basi na jeneza tukalizamisha. Mimi mwalimu mzima nilibeba mawe, wala halikunijia wazo kwamba mtumbwi uliozama ni mtumbwi tu, ila jeneza lililozama ni kesi. Wavuvi wakahamisha nyavu zao. Akina mama wakaacha kuteka maji upande ule. Mpaka Nyasho, kule Musoma mjini, kukavuma kwamba siku hizi sisi tunazika ziwani. Mwisho akaja balozi wa nyumba kumi, akauliza kwa ukali ni nani aliyemo mle.

"Ni mimi," alijibu bibi mdogo.

Balozi akamwomba asifanye utani na serikali.

"Ni mimi mwenyewe. Sijaingia tu."

Tulipolitoa, samaki, kamongo mnene, alikuwa amelala ndani. Tukampika, na bibi mkubwa akala minofu mizuri yote huku akimshukuru marehemu mwenye jeneza.

Jeneza lilikuwa bado juani likikauka bibi mkubwa alipopatwa na homa. Hakuchukua muda, akafa. Watu walitumwa mjini na Bunda kutafuta mbao, wakarudi mikono mitupu. Wazee wakaanza kunong'ona habari za ngozi. Bibi mdogo akasimama.

"Ngozi ya nini, na sanduku iko pale?"

"Mama, ile ni ya kwako," alisema baba mdogo.

"Mtieni."

Bibi mkubwa alikuwa mrefu, ikabidi akunjwe magoti. Bibi mdogo alisimama pembeni akifoka. "Si unaona? Ilipimwa kwa mwili wangu! Tangu nimeolewa kwa hii mji wewe unachukuaga vitu vyangu tu!" Waombolezaji wakainamisha vichwa. Mimi nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

Baba mdogo akainua kifuniko afunike. Bibi mdogo akamzuia mkono, akainama juu ya uso wa mwenzake.

"Nijibu basi," alisema.

Tukasubiri wote, maana bibi mkubwa hakuwahi kumwachia neno la mwisho.